Kaunta ya keshia, kaunta ya baa: majumba ya kale ya benki Uingereza yanavyofufuka yakiwa pabu

KauntaMbili (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Miaka minne nimemimina bia kwenye pabu moja ya katikati ya London ambayo zamani ilikuwa tawi la benki. Jina silitaji, maana bosi wangu wa wakati ule nitamsema huko chini. Haikupita zamu bila mteja kuingia, kusimama katikati ya ukumbi na shingo kaikunja kutazama dari, halafu kuja kuniuliza: "Hapa palikuwa nini?" Nikimjibu benki, anacheka: "Kumbe hela yangu bado inaishia palepale."

Utani huo sisi tunao ndani ya lugha siku nyingi. Anapokaa keshia tunaita kaunta, anaposimama mhudumu wa baa tunaita kaunta. Hoja yangu inaanzia hapo. Wengi wakiona jumba la nguzo za marumaru limejaa wanywaji husema limedhalilishwa. Mimi nasema kati ya kazi zote mpya ambazo jumba lile lingeweza kupewa, pabu ndiyo inayoliumiza kidogo zaidi. Ukumbi wa benki ulichorwa ili mtu yeyote atoke barabarani, aingie bila mwaliko, aende kaunta, ahudumiwe, aondoke. Ugeuze fleti, utaukata kwa sakafu mbili tatu na lile kuba libaki chumbani kwa tajiri mmoja. Ugeuze ofisi, mlango utafunguliwa kwa kadi. Pabu inataka vitu vilevile vilivyokuwepo: chumba kimoja kipana, kaunta ndefu na mlango ulio wazi.

Kwanza tuulize kwa nini benki zilijijengea makasri. Karne ya 19 mwenye akiba kwenye benki ya biashara hakuwa na dhamana yoyote ya serikali. Benki ikianguka, imeanguka naye. City of Glasgow Bank ilipoanguka mwaka 1878, wenye hisa walifuatwa mpaka majumbani kwao kulipa madeni yake, na wengi wakafilisika. Mteja wa kawaida angejuaje benki ipi ni imara? Alitazama ukuta. Mawe ndiyo yalikuwa tangazo: tuna nguzo kama za hekalu, hatuendi popote.

Sasa, wakaenda. Benki ndogo zilimezwa na kubwa mpaka kufikia 1918 England ikabaki na zile tano kuu: Barclays, Lloyds, Midland, National Provincial na Westminster. Mwaka 1968 hizo mbili za mwisho zikatangaza kuungana, ndiyo NatWest ya leo. Kila muungano ukiacha matawi mawili yanatazamana mtaa mmoja, moja lazima lifungwe. Kisha kompyuta zikaingia, na yale makundi ya makarani waliojaza vitabu vya hesabu hayakuhitajika tena. Majumba yakabaki matupu.

Upande wa pombe nako mambo yalikuwa yanageuka. Kwa miaka mingi viwanda vikubwa vya bia vilimiliki pabu nyingi na kuzifunga ziuze bia yao tu. Mgeni kwenye biashara alipata tabu kuipata pabu ya zamani, kwa hiyo akatafuta chochote chenye paa. Wetherspoon, kampuni yenye pabu nchi nzima, ilianza 1979 kaskazini mwa London, kwenye duka lililokuwa la kubashiri mbio za farasi. Mwaka 1989 serikali ikatoa amri kwamba kiwanda chenye pabu zaidi ya 2,000 kilegeze kamba kwa nusu ya zile zilizozidi. Soko likafunguka, kampuni mpya zikaibuka, na huku mabenki yanauza majengo. Miaka ya 1990 ndipo wawili hawa walipokutana.

Naweka mifano kwenye posti inayofuata.

KauntaMbili

Naendelea.

Fleet Street, London, ipo Old Bank of England. Iliisha kujengwa 1888 ikiwa tawi la Benki Kuu ya Uingereza, karibu kabisa na mahakama kuu, na benki ilitoka 1975. Fuller's, watengeneza bia wa London, ndio walioigeuza pabu katikati ya miaka ya 1990. Watalii huambiwa kwamba jirani hapo ndipo kinyozi wa hekaya alipochinja wateja, nyama yao ikaenda kwenye pai. Hadithi tupu, lakini inauza bia.

Mtaa wa Cornhill, London hiyohiyo, kuna Counting House, jengo la benki la 1893, na kuba la vioo linalomwaga mwanga juu ya kaunta. Ukitaka kuelewa hoja yangu bila maneno mengi, nenda pale saa nane mchana siku ya kazi. Mwanga ule waliukusudia makarani wasome tarakimu. Leo unaangukia glasi, na bado unafanya kazi.

Karibu na hapo, Gracechurch Street, ipo Crosse Keys, iliyofunguliwa 1913 ikiwa ofisi ya London ya benki ya Hongkong na Shanghai. Jina limetoka kwenye nyumba ya wageni ya kale ya mtaa huohuo, ambako enzi za Elizabeth wa Kwanza waigizaji walicheza uani. Kwa hiyo wanaosema benki imegeuzwa kilabu cha pombe waangalie vizuri, pombe ndiyo iliyotangulia mtaani.

Edinburgh, George Street, kuna mbili za kutembelea kwa siku moja. Standing Order ilikuwa Union Bank of Scotland, kazi ya msanifu David Bryce, miaka ya 1870. Chumba cha sefu kipo, mlango wake mzito wa chuma upo, na watu hukaa ndani yake wakila chipsi. Jina nalo limebeba mzigo mara mbili: kwa mtu wa benki ni agizo la kulipa kila mwezi, kwa mnywaji ni kusimama kaunta na kuagiza. Mtaa huohuo ipo The Dome, iliyokuwa makao makuu ya Commercial Bank of Scotland, ya miaka ya 1840, mchoro wa David Rhind. Lile jumba lilipojengwa lilibomolewa jumba jingine la fahari, Ukumbi wa Madaktari wa James Craig, yuleyule aliyechora mpango wa Mji Mpya wa Edinburgh. Kwa hiyo benki tunayoililia leo nayo ilikuja na nyundo mkononi. Pabu haikubomoa.

Birmingham, mbele ya kanisa kuu la Mtakatifu Philip, kuna Old Joint Stock, mchoro wa Julius Alfred Chatwin wa miaka ya 1860. Juu ya baa wamejenga ukumbi mdogo wa michezo ya kuigiza.

Si benki pekee. Tunbridge Wells kuna jumba la opera la 1902 lililopitia sinema, kisha bingo, na tangu 1996 ni pabu. Jukwaa na roshani vipo. Ramsgate, ufukweni, jumba la Royal Victoria Pavilion lilikaa miaka tupu baada ya kasino kufungwa, likafunguliwa 2017 kama pabu kubwa kuliko zote za Wetherspoon. Kabla ya hapo lilikuwa linaliwa na chumvi ya bahari tu.

Mtazamaji77

Nimekaa paleee na kikombe changu cha chai. Mleta uzi, umesifia mno. Changamoto zake ziko wapi? Na yule bosi?

KauntaMbili

Mkuu Mtazamaji, subira. Bosi anakuja na chumba cha sefu.

Watu hudhani chumba cha sefu ni zawadi kwa mwenye pabu: kipo chini ya ardhi, kuta nene, baridi ya bure. Bia ya pipa ya Kiingereza inataka stoo ya nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi. Unaona sefu, unasema tayari. Ngoja.

Kwanza, pabu iliyojengwa kuwa pabu ina mlango wa sakafuni pembeni ya barabara. Gari la bia linasimama, mlango unafunuliwa, mapipa yanateremshwa moja kwa moja stoo. Benki haina. Nani atoboe tundu la kutoka njiani hadi kwenye hazina ya dhahabu? Sisi mapipa yaliingia kwa mlango wa mbele, juu ya marumaru, alfajiri. Pipa la chuma la lita 50 likijaa linapita kilo 60. Kisha ngazi zenye kona. Mgongo wangu unazikumbuka ngazi zile mpaka leo.

Pili, hewa. Sefu ilijengwa isipitishe kitu. Bia nyingi husukumwa kwa gesi ya kaboni dayoksaidi, nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, ikivuja inatulia chini kama maji kwenye beseni. Chumba kisicho na dirisha, kuta za zege na chuma: hiyo ni hatari ya kumuua mtu, si utani. Kinatakiwa kipimo cha gesi chenye king'ora, na feni. Kwetu kipimo kilikuwepo. King'ora kilipoanza kulia hovyo, bosi akatoa betri, akasema kinamsumbua. Wiki tatu tulishuka kwa zamu, mmoja anashuka, mwenzake anamwita jina kutoka juu kila dakika. Mpaka mwenzetu mmoja akanunua betri kwa pesa yake na kukirudisha ukutani bila kumwambia mtu. Nimeshasema.

Tatu, mirija. Sefu ipo nyuma ya jengo, kaunta ipo katikati ya ukumbi, na ukuta uliopo kati yao ulikusudiwa kumshinda mwizi mwenye mashine. Ukiruhusiwa kuutoboa, utatoboa tundu moja. Basi mirija inazunguka. Mirija mirefu inashika bia nyingi ndani, na desturi ni kuisafisha kila wiki. Iliyomo ndani humwagwa. Jengo zuri linakunywesha hasara polepole kila wiki.

FundiChokaa

Niongezee kwa upande wetu wa mafundi. Nimepaka na kuziba plasta kwenye majengo ya aina hiyo huku Uingereza.

Kinachoniuma ni rangi. Mwekezaji anakuja na ratiba ya wiki nane, plasta ya zamani ni ya chokaa, inapumua, yeye anataka rangi ya plastiki ya dukani ikauke kesho. Unyevu unabaki ndani, baada ya misimu miwili maua ya plasta darini yanaanza kuvimba. Halafu watu wanasema jengo limechoka. Jengo halijachoka, limezibwa pua.

Na mwangwi. Sakafu ya marumaru, dari mita kumi juu, kuta ngumu. Benki walitaka hivyo, mtu anong'one, atembee taratibu, aogope kidogo. Weka watu mia tatu wanaoongea baada ya glasi mbili, hamsikilizani. Ndiyo maana unaona mazulia mazito, viti vya kitambaa, vibanda vya mbao. Wengine husema ni ushamba wa mapambo, kumbe ni dawa ya kelele.

Dada wa Nyaraka

Kaka KauntaMbili, hongera kwa uzi, ila umeruka sheria. Kwa England, jengo likiwa kwenye orodha ya kitaifa ya majengo yanayolindwa, kulibadilisha kwa namna inayogusa sura yake bila kibali ni kosa la jinai kwa sheria ya 1990, na kifungo kinaweza kufika miaka miwili. Madaraja ni matatu, majengo mengi sana yako Daraja la II, la chini. Watu hudhani ulinzi ni wa uso wa mbele tu. Si kweli, na ndani pia: kaunta ya keshia, ngazi, hata ule mlango wa sefu.

Tena tangu Septemba 2020 benki imewekwa kwenye kundi moja na maduka, migahawa na ofisi; kuhama ndani ya kundi hilo hakuhitaji ruhusa ya mipango miji. Pabu imetolewa, inasimama peke yake. Yaani kuigeuza benki kuwa mgahawa ni rahisi kisheria kuliko kuigeuza pabu. Bado leseni ya kuuza kileo, na hapo halmashauri inapima mambo manne: uhalifu, usalama wa watu, kero kwa majirani, na ulinzi wa watoto.

Kwa mtu anayefikiria biashara hii, aanze na afisa wa urithi wa halmashauri kabla hajamwita mchoraji. Nimeona michoro mizuri sana ikitupwa.

KauntaMbili

Dada, asante, hilo la 2020 nilikuwa silijui kwa undani huo.

Niongeze kichekesho kimoja: milango ya dharura. Benki inachorwa ili kutoka kuwe kugumu. Pabu inachorwa ili watu mia kadhaa watoke kwa dakika chache. Kwenye jengo letu mlango wa pili wa kutokea ulipitishwa katika kilichokuwa chumba cha meneja, na kwa sababu mbao za ukutani zinalindwa, mlango wenyewe umevikwa mbao zilezile. Watu waliuegemea na bia mkononi, ukafunguka.

Mlinzi wa Zamu

Mimi napinga. Mnasifia makampuni makubwa kuingia kwenye mabenki, huku pabu zenyewe za asili, zilizojengwa kuwa pabu, vigae vya Kivictoria na vioo vya kuchongwa, zinafungwa na kugeuzwa fleti. Jengo linalofaa kuwa pabu linanyang'anywa kazi yake, jengo lisilofaa linapewa. Hapo akili iko wapi?

Na zile kona ndogo za pabu ya mtaani, mwenye nyumba anakujua kwa jina, huwezi kuzipata chini ya kuba la mita kumi. Ukumbi wa benki unabaki ukumbi wa benki. Unapanga foleni, unalipa, unaondoka.

KauntaMbili

Mkuu Mlinzi, hapo umenishika. Sina jibu la kukutoa. Carlton Tavern ya Maida Vale, London, ilibomolewa 2015 bila ruhusa wakati ikiwa mbioni kuwekewa ulinzi; halmashauri ikaamuru ijengwe upya kama ilivyokuwa, na ikafunguliwa tena 2021. Ile ilipata wapiganaji. Nyingi hazipati. CAMRA, chama cha wapenda bia ya asili kilichoanzishwa 1971, kina orodha ya pabu zenye ndani ya kihistoria, na kuipitia inasikitisha jinsi zilivyobaki chache.

Ila nitakubishia kwa hilo la foleni. Kwenye ukumbi wetu kulikuwa na wazee wanne waliokuja kila Jumanne, meza ileile chini ya saa ya benki iliyosimama tangu nisikojua. Hawakuhitaji kona. Walihitaji mtu asiwafukuze wakikaa saa tatu na glasi moja, na ukumbi mkubwa unaficha hilo vizuri kuliko kijichumba ambamo mwenye baa anakuhesabia glasi.

Abuu_Hekima

Wadau, naheshimu mada, lakini kwa nini lazima pombe? Jumba la fahari namna hiyo lingefaa maktaba, ukumbi wa jamii, makumbusho. Mnabariki ulevi kwa kisingizio cha usanifu.

KauntaMbili

Sheikh wangu, sikulazimishi kunywa, na pabu nyingi hizi asubuhi zinauza chai na mayai kuliko bia. Maktaba ningeipenda. Swali ni nani analipa paa. Paa la madini ya risasi na shaba, mifereji iliyofichwa nyuma ya ukingo wa mawe, ikiziba majani tu maji yanashuka ndani ya ukuta. Jengo la aina hii linataka mtu wa kupanda juu kila vuli, na linataka pesa inayoingia kila siku, si ruzuku inayosubiriwa kila bajeti. Halmashauri nyingi zinauza majengo yao wenyewe, zitachukua la benki?

Na jengo likikaa tupu, kinachoanza ni dirisha moja kuvunjwa, njiwa wanaingia, kisha wezi wa risasi ya paani. Miaka mitano ya utupu inaharibu kuliko miaka thelathini ya wanywaji.

Keshia Mstaafu

Wanangu, huwa nasoma tu siandiki. Leo niandike.

Nilifanya kazi benki huku Uingereza tangu 1981, tawi la mjini, ukumbi wa nguzo kama hizo mnazozisema. Dirisha langu lilikuwa la tatu kutoka mlangoni. Walipofunga walituambia Ijumaa, Jumatatu mbao madirishani. Sikupita mtaa ule miaka.

Mwaka juzi binti yangu akanipeleka chakula cha mchana, sikujua tunakwenda wapi mpaka nilipouona mlango. Nilichukia kwanza. Kisha nikaenda kaunta kuagiza. Wameitumia ileile, mbao zilezile, wameondoa vioo tu. Nikahesabu kutoka mlangoni. Kwenye ukingo wa kaunta, upande wa ndani, palikuwa na alama ya kuungua ya pasi ya umeme, nilikuwa napasi tai ya mwenzangu aliyekuwa na mahojiano. Nikamwomba kijana aliyekuwa anamimina anitazamie. Akainama, akasema, "Ipo, mama. Sisi tulidhani ni sigara."

KauntaMbili

Shikamoo mama. Sasa mimi ndiye niliyekosa la kusema.

FundiChokaa

Mama, tafadhali usitaje ni wapi, wasije wakapiga msasa.

Mtazamaji77

Mkuu KauntaMbili, nitakuwa London siku mbili tu mwezi ujao. Nianze na ipi?

KauntaMbili

Counting House, Cornhill, mchana, siku ya kazi. Jumamosi na Jumapili usiende kabla hujaangalia saa zao, eneo lile la mabenki wikendi hulala. Crosse Keys ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, unaziona mbili kwa mkupuo. Na ukienda msalani Crosse Keys, aga wenzako, ni safari.